Siku moja Ulaya, makumbusho ipi? Wageningen au Tervuren, kwa mtu wa Lubumbashi mwenye shamba

Mdogo wangu alipata viza ya Ubelgiji ya wiki tatu, kwenda kumwona shangazi yetu Brussels. Kulikuwa na arusi moja, ubatizo mmoja, na zile ziara za ndugu ambazo ukizikwepa utasemwa miaka kumi. Akahesabu siku kwa vidole, kisha akanipigia.

"Yaya, niko na siku moja tu ya kwangu. Mtu wa shamba kama mimi niende kuona nini?"

Yeye analima mahindi, hekta mbili, barabara ya Kasenga. Mimi nafundisha kilimo, na kwa bahati ya safari za masomo nimeziingia makumbusho zote mbili alizokuwa akizifikiria: ile ya udongo wa dunia kule Wageningen, Uholanzi, na ile ya Afrika kule Tervuren, nje kidogo ya Brussels. Nilianza kumjibu kwa simu, ba mega za intaneti zikaisha katikati. Basi nimeyaandika, maana najua si yeye peke yake mwenye shangazi Brussels.

Kwanza mambo ya njia, kwa sababu yanaweza kukuamulia kabla hujafika kwenye elimu. Tervuren ni rahisi: unapanda tramu namba 44 kutoka Montgomery, unapita msituni, unashuka mwisho wa reli. Mchana unaweza kurudi kula kwa shangazi. Wageningen ni safari ya kweli. Viza ya Schengen uliyopewa na Ubelgiji inakuruhusu kuingia Uholanzi, hapo hakuna shida, lakini ni kama kilomita 200, na mji wenyewe hauna stesheni ya treni ya abiria. Unashuka Ede-Wageningen, kwenye reli ya Utrecht kwenda Arnhem, halafu unachukua basi hadi kwenye kampasi ya chuo kikuu. Hesabu saa tatu na nusu kwenda, na nyingine kama hizo kurudi. Tiketi ya treni ukiinunua mapema inakuwa nafuu. Ukiinunua asubuhi ileile utaililia.

Tervuren unalipa mlangoni. Wageningen kuingia ni bure. Usifurahi haraka, treni itakula hiyo bure yote na zaidi. Tervuren inafungwa Jumatatu. Wageningen, kwa kuwa iko ndani ya jengo la chuo, ni ya siku za kazi. Kwa hiyo kama siku yako ya bure ni Jumapili, acha kusoma hapa, nenda Tervuren. Kama ni Jumatatu, Wageningen imekuchagua yenyewe. Na lugha: Tervuren maandishi ya Kifaransa yapo kila mahali, Wageningen utahitaji Kiingereza, au mtu wa kukusomea.

Sasa tuingie ndani.

Wageningen: ukuta wa mashimo

Taasisi yenyewe inaitwa ISRIC, ilianzishwa mwaka 1966. Wakati ule FAO na UNESCO, mashirika ya Umoja wa Mataifa, walikuwa wanatengeneza ramani ya udongo wa dunia nzima, na tatizo lao lilikuwa kama la soko lisilo na mizani moja: kila nchi ilikuwa na majina yake, huyu akisema udongo mwekundu na yule akisema udongo mwekundu, kumbe wanazungumzia vitu viwili. Ikaonekana lazima kuwe na mahali pamoja ambapo udongo wenyewe umesimama, mtu aukute kwa macho. Leo mkusanyo wao umepita vipande 1000, kutoka nchi zaidi ya 80. Vinavyotundikwa kwa wageni ni sehemu ndogo tu ya hivyo.

Usidhani utaona chupa zilizojazwa mchanga. Kila kipande ni monolithi: ubamba mrefu wa udongo uliokatwa wima kutoka kwenye ukuta wa shimo, kuanzia majani ya juu mpaka kina kinachozidi mita moja. Wanachimba shimo, wanaulainisha ukuta wake, wanabana sanduku jembamba juu ya ukuta ule, wanakata pembeni taratibu mpaka kipande kinang'oka kizima. Halafu kinapelekwa maabara, kinakaushwa, kinanyweshwa gundi ya vanishi ili kisimomonyoke, kinabandikwa kwenye ubao. Ukisimama mbele yake ni kama umesimama ndani ya shimo huko Kenya au Indonesia, ila viatu vyako safi.

Wanatumia majina ya mfumo wa kimataifa wenye makundi makuu 32. Majina yenyewe yamezunguka dunia. Chernozemu ni Kirusi, maana yake udongo mweusi. Podzoli pia ni Kirusi, kwa sababu chini ya tabaka la juu kuna mstari mweupe kama majivu. Andosoli imetoka Kijapani, ni udongo wa volkeno, ule ambao ndugu zetu wa Goma na Rutshuru wanaulima bila kujua kwamba una jina la heshima kiasi hicho. Sisi wa Lubumbashi kundi letu kubwa ni ferralsoli. Ni jina la Kilatini, na ndani yake limebeba chuma na alumini.

Na hapa ndipo nilipopigwa. Nilisimama mbele ya ferralsoli nikajisikia fahari. Nyekundu, ndefu, moja kwa moja, hakuna jiwe wala doa, inapendeza kuliko zote kwenye ukuta ule. Pembeni kulikuwa na nyingine zenye mistari, madoa, mizizi iliyooza, rangi tatu au nne. Nikawaza: yetu ndiyo safi. Mwalimu aliyekuwa ananiongoza akaniuliza, kwa upole, kwa nini nadhani haina mistari. Nikanyamaza.

Haina mistari kwa sababu imekwisha kuoshwa. Mvua ya maelfu kwa maelfu ya miaka imepita humo ikachukua kalisi, magnesi na potasi, chakula chote cha mmea, ikaacha mfinyanzi wa kaolini na kutu ya chuma. Ule wekundu ni kutu. Chakula kidogo kilichobaki kinakaa juu, kwenye mboji. Fosforasi unayoinunua kwenye mfuko wa mbolea ikifika chini inashikwa na kile chuma na alumini, mahindi yanaiona kwa mbali tu. Kisha unageuka unaitazama chernozemu, nyeusi ya mboji kutoka juu mpaka usawa wa kiuno, na unaelewa kwa nini mkulima wa Ukraine na wewe mnapiga jembe lilelile na hamvuni sawa. Jambo hilo nilikuwa nalifundisha miaka, na hesabu zake ubaoni. Sikuwahi kulikuta na macho yangu.

Faida ya Wageningen ni hiyo: kulinganisha. Shamba lako haliwezi kukuonyesha, kwa sababu liko peke yake. Kitabu hakiwezi, kwa sababu picha ya udongo hudanganya rangi. Ukuta wenye mashimo ya dunia yamepangwa bega kwa bega ndio unaoweza.

Lakini pale kuna hasara nisiyoweza kuificha. Udongo ule umekufa. Gundi imeukausha, hauna harufu ya mvua ya kwanza, huwezi kuubana kwa vidole ukajua kama unateleza au unakwaruza. Mchwa hawamo. Na watu pia niliwakosa: unatoka pale unajua udongo umeumbwaje, hujui nani ameulima, nani ameuuza, nani ameunyang'anywa.

Tervuren: watu na madini

Hapo sasa Tervuren inaizidi kwa mbali. Jengo kubwa lilifunguliwa mwaka 1910, mradi wa Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji, likafungwa mwishoni mwa 2013 kwa matengenezo, likafunguliwa tena Desemba 2018 na maelezo mapya. Unaingia kwa jengo la kioo, unapita chini ya ardhi, unakutana na mtumbwi wa mti mmoja wenye urefu wa mita 22 na zaidi. Mtoto akiona ule mtumbwi habanduki. Juu kuna wanyama, vinyago, ngoma, na madini: malakiti ya kwetu, jiwe lenye shaba, kijani kama mboga ya sombe iliyopondwa, mawe ambayo babu zetu waliyayeyusha kwa vichuguu na makala kabla kampuni yoyote haijazaliwa.

Nenda ukijua unachoendea. Mwaka 1897, kwa ajili ya maonyesho, Wakongo 267 waliletwa pale na kuwekwa kwenye vijiji vya kuigiza ili watazamwe. Saba walikufa, na makaburi yao yako kwenye uwanja wa kanisa la Tervuren. Mimi nilikwenda makaburini kwanza, ndipo nikaingia ndani. Kila mtu na moyo wake, lakini ukiwa na shangazi mtu mzima, mwambie mapema, asije akakuta jambo hilo ghafla kwenye maandishi ya ukutani.

Kwa mtu wa Katanga, chumba cha madini kinauma kwa namna yake. Utaona shaba kama jiwe, shaba kama msalaba mdogo uliokuwa fedha ya zamani, shaba kama utajiri wa wengine. Usichokiona ni udongo ulio juu ya shaba. Ni ajabu, kwa sababu kwetu udongo huo ndio ulioonyesha njia. Kwenye vilima vyenye shaba miti haioti, yanaota majani mafupi na lile ua dogo, Haumaniastrum katangense, linalovumilia shaba ambayo ingeua mahindi. Watafuta madini walilifuata ua. Na ukishuka upande wa Penga Penga, mtaa wa Lubumbashi, chini ya upepo wa dohani la kiwanda cha zamani, utaona kinyume chake: udongo uliokuwa mzuri ukawa wa shaba kwa moshi wa miaka mingi, mpaka watu wa agronomia wa chuo chetu kikuu wakajaribu kupanda jani la Microchloa kunthii ili lishikilie vumbi. Habari hii ingestahili ukuta mzima, Tervuren au Wageningen. Kwa sasa ukuta wake ni Penga Penga yenyewe.

Dubai, na simu

Wafanyabiashara wetu wengi hawafiki Brussels, wanakwenda Dubai kununua mali. Kule nako kuna makumbusho ya udongo, ya Emirates, ndani ya kituo cha ICBA kinachoshughulika na kilimo cha ardhi ya chumvi, ilifunguliwa 2016. Sijaingia, kwa hiyo nitasema machache. Mkazo wake ni udongo wa jangwani: mchanga, jasi, chumvi. Kama unaleta mabomba ya kumwagilia kuuza Lubumbashi, yafaa uone watu wanavyolima pasipo mvua. Kama unatafuta dawa ya udongo wetu mwekundu, ugonjwa wa kule si wetu: sisi mvua inaosha kupita kiasi, wao haiji kabisa.

Simu ni ya nne, na watu wanaidharau. ISRIC wana matembezi ya kuangalia kwenye intaneti, na wana ramani inayoitwa SoilGrids, bure, inayokadiria udongo wa dunia nzima kwa miraba ya mita 250. Unaweza kutafuta Kasenga, ukaona makadirio ya asidi na mfinyanzi. Nayaita makadirio makusudi: kwenye mraba mmoja wa mita 250 kwetu kuna shamba, vichuguu kadhaa na labda mwanzo wa dembo, lile bonde la majimaji, na ramani inakupa namba moja. Tumia usiku, wakati mtandao ni mwepesi, na usipime mbolea kwa namba hiyo.

Shimo lako mwenyewe

Mdogo wangu alipofika hapa kwenye maneno yangu aliguna. Alitaka Ulaya, mimi namrudisha Kasenga. Lakini sikumwambia achague shimo badala ya safari. Nilimwambia shimo litangulie, kwa sababu mtu anayefika Wageningen bila kuwa ameona udongo wake anaangalia ukuta wa rangi, na mtu aliyeuona anaangalia majibu.

Chimba mvua zinapomalizika, mwezi wa nne, udongo ukiwa bado na unyevu. Ukingoja mwezi wa nane utavunja jembe. Mita moja na robo kwenda chini inatosha, upana wa kukuwezesha kusimama na kuinama. Ukuta utakaousoma uelekee jua. Udongo wa juu uweke upande mmoja, wa chini upande mwingine, usivichanganye, maana utavirudisha kwa mpangilio huohuo. Kwangua ukuta kwa kisu mpaka alama za jembe zifutike. Bandika mita ya fundi, piga picha.

Kisha soma kutoka juu. Weusi wa mboji unashuka mpaka wapi? Kwa mdogo wangu ulikuwa upana wa kiganja, basi. Mizizi ya mahindi inaishia wapi? Kwake iligeuka pembeni kwenye sentimita ishirini, kama mtu aliyekuta mlango umefungwa: miaka ya kulima kina kilekile ilikuwa imekandamiza tabaka gumu. Hiyo peke yake ilifaa kuliko tiketi ya treni. Kuna kokoto nyekundu za chuma chini? Chukua donge la kila tabaka, lilowanishe, lisokote kama uzi wa tambi. Ukikunja uzi ukawa pete bila kupasuka, mfinyanzi ni mwingi.

Halafu chimba la pili ubavuni mwa kichuguu kikubwa. Vichuguu vya hapa kwetu, vya mchwa Macrotermes falciger, si takataka za shambani. Watafiti waliopima kaboni ya kichuguu kimoja karibu na Lubumbashi walikuta kimezidi miaka 2000. Mchwa wanapandisha mfinyanzi kutoka chini, na humo chokaa inakusanyika ambayo shamba la pembeni haina. Ndiyo maana mama zetu wanapanda mboga juu yake, mafundi wa matofali wanakipigania, na inswa, wale kumbikumbi, zikiruka mvua za kwanza kila mtu yuko pale na beseni. La tatu, kama una dembo, chimba ukingoni: udongo wa kijivu wenye madoa ya kutu, dalili kwamba maji husimama humo sehemu ya mwaka. Picha tatu, mita mia chache kutoka moja hadi nyingine, na tayari una mkusanyo wa kulinganisha ambao gundi haijaugusa. Ile harufu niliyoilalamikia, hapa iko, bure.

Kwa hiyo nilimchagulia hivi

Angekuwa anasafiri na watoto wake, ningesema Tervuren bila kusita. Wageningen mtoto atachoka kwenye udongo wa tano na utambeba hadi basi. Angekuwa mwalimu wa historia, Tervuren pia, na aweke siku nzima. Angekuwa fundi wa matofali, ningemwambia abaki na hela yake, ajenge tanuru jingine. Mwanafunzi wa agronomia wa Kasapa, kampasi ya chuo kikuu chetu, asikose Wageningen hata akilala njaa siku hiyo, na aandike barua mapema kuomba mtu wa kumwongoza, kwa sababu kule maswali ni nusu ya faida.

Mdogo wangu ni mkulima, anasoma Kiingereza cha kusukuma, na siku yake ilikuwa Alhamisi. Nilimwambia Wageningen. Shangazi alikasirika kidogo, akauliza ni mtoto gani anavuka mpaka kwenda kuangalia udongo wakati hata Grand-Place, uwanja mkuu wa Brussels, hajaiona.

Alikwenda na zile picha tatu kwenye simu. Alitaka kubeba na donge la kichuguu kwenye mfuko wa plastiki, awaonyeshe. Nilimkataza, na wewe usijaribu: udongo kutoka nje ya Umoja wa Ulaya hauruhusiwi kuingia, wanaogopa wadudu na magonjwa ya mimea, na utabaki uwanja wa ndege unaeleza habari za mchwa kwa mtu wa forodha. Picha zinatosha. Mita ya fundi ionekane, na rangi ipigwe mchana, si kwa taa ya simu.

Na kabla ya kupanda ndege, fukia mashimo. Yeye alisahau la dembo, na mpaka leo yuko kwenye mazungumzo na jirani kuhusu bei ya mbuzi.